Mti Huugua Miguuni: Kuufufua Mkrismasi Kabla ya Kuuita Msumeno

Mazungumzo kwa kamati za zahanati, walimu na wenye bustani, yaliyotolewa katika baraza la wananchi kabla ya mvua za masika.

Mada ya leo huonekana ndogo mpaka siku kivuli kinapotoweka: mti wa bustani unaougua, na namna ya kuufufua.

Katika miji ya Pwani, mti wa mapambo usiohitaji kutambulishwa kwa mtu ni mkrismasi. Si ule wa bara unaokatwa tawi likapambwa sebuleni, bali huu wenye mwavuli mpana, majani madogo madogo kama manyoya, maua mekundu na maganda marefu magumu ambayo watoto huyafanya panga za kuchezea. Asili yake ni Madagaska. Jina lake la hapa limetokana na msimu wake: mwaka unapoelekea kuisha, mti huvaa wekundu, na mgeni aliyefika kwa sikukuu huukuta umechanua.

Mfano wa mti wenye shida si wa kutafuta mbali. Mkrismasi umesimama mbele ya zahanati. Siku ya kliniki akina mama hukaa chini yake na watoto wao, kwa sababu benchi za ndani hazitoshi na uwanja hauna kivuli kingine. Mwaka jana maua yalikuwa machache. Mwaka huu majani yamekuwa haba, ncha za matawi zimekauka, na tawi moja nene lililo juu ya benchi halina hata jani. Kamati inakutana. Mmoja anasema mti ukatwe usije ukaua mtu. Wa pili anasema umwagiwe mbolea ya dukani. Wa tatu anasema upunguzwe kichwa chote ili uchipue upya. Wote watatu wana nia njema, lakini wote wanautazama mti juu, ilhali mara nyingi mti wa namna hii unaugua chini.

Kuugua na kupumzika

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mti unaugua kweli. Mkrismasi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua zikiwa zimekoma, mti mzima kabisa huweza kubaki matawi matupu. Huko ni kupumzika. Mti wa namna hiyo ukikatwa, umekatwa ukiwa usingizini.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Mtu hushika kijitawi chenye unene wa penseli akakwangua gome kwa ukucha au ncha ya kisu. Chini ya gome pakiwa na ubichi na unyevu, kijitawi kiko hai. Pakiwa pakavu na rangi ya kahawia, na kijitawi kikivunjika kwa mlio, kimekufa. Kipimo hiki kirudiwe pande zote za mti na karibu na shina. Upande mmoja ukiwa mkavu na mwingine mbichi, ni dalili kwamba mizizi ya upande ule imeumia.

Dalili nyingine ya ugonjwa ni mti kukosa majani wakati mvua zimekwisha kunyesha na mikrismasi mingine ya jirani imekwisha kuvaa. Mti ulinganishwe na wenzake wa mtaa huohuo, kwa maana wote wamepata mvua moja na jua moja.

Swali la miaka mitatu

Mti hauugui leo kwa kosa la jana. Mti mkubwa una akiba katika shina na mizizi, na akiba hiyo huufanya uendelee kuonekana mzima kwa msimu mmoja, miwili au mitatu baada ya kuumizwa. Ndiyo maana watu hushangaa kuuona unakauka bila sababu. Sababu ipo, ila imesahauliwa.

Kwa hiyo swali la kuulizwa ni hili: ni nini kilibadilika chini ya mti huu katika miaka mitatu iliyopita? Mbele ya zahanati majibu huwa mengi. Uwanja ulitandikwa kabro hadi kwenye shina. Mtaro wa bomba la maji ulichimbwa na mizizi ya upande mmoja ikakatwa. Pikipiki na magari yakaanza kuegeshwa kivulini. Fundi alichanganyia saruji hapo wakati wa kujenga ukuta, na maji ya kuoshea mapipa yakamwagwa papo hapo. Takataka za kila wiki huchomwa penye shina. Udongo uliobaki baada ya ujenzi ulirundikwa ukafunika shina nusu mita.

Kila moja ya mambo haya hugusa mizizi, na mizizi ndiyo isiyofahamika vizuri. Wengi hudhani mizizi ya mti huenda chini kama msumari. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mizizi inayofyonza maji na chakula iko katika sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo, nayo huenea kupita mwisho wa matawi. Mizizi ya mkrismasi hasa hupenda kutambaa karibu na uso wa ardhi. Tena mizizi hupumua. Udongo wenye afya una vijitundu vinavyopitisha hewa na maji. Magurudumu na miguu ya watu huvibana vijitundu hivyo, na kabro iliyoshindiliwa huvifunika. Mti basi hukosa hewa na maji hata mvua ikinyesha, kwa sababu mvua hiyo hutiririka kwenda barabarani.

Baada ya swali hilo, shina lichunguzwe. Mti ulio katika hali ya kawaida hupanuka unapoingia ardhini, kama mguu wa tembo. Shina likiingia ardhini limenyooka kama nguzo, maana yake limefukiwa. Gome lililofukiwa hukaa na unyevu likaoza polepole. Gome pia huumizwa na slasha ya mkata nyasi, na kamba ya mbuzi, na waya wa kuanikia nguo. Chini kidogo ya gome ndipo chakula kinaposhuka kutoka kwenye majani hadi mizizini. Jeraha likizunguka shina lote, njia hiyo imekatika, na mizizi itakufa kwa njaa hata kama majani bado ni mabichi kwa miezi kadhaa.

Si kila ugonjwa hutoka ardhini, na haki yake itajwe. Wenyeji wa nyanda za juu wanakumbuka vidukari wa saiprasi walioonekana Kenya mwaka 1990. Ua za saiprasi zilizokuwa fahari ya maboma ziligeuka kahawia. Hapo adui alikuwa mdudu aliyetoka nje, na sehemu ya dawa yake ilikuwa nyigu mdogo aliyeachiliwa ili awashambulie vidukari hao. Ndiyo sababu uchunguzi hutangulia tiba. Mwenye mti agague majani, apindue upande wa chini, atazame kama kuna wadudu, utando au nta nyeupe. Asipoona kitu, asinunue dawa ya wadudu. Na akiwaona mchwa, ajue kwamba mara nyingi mchwa hufuata sehemu iliyokwisha kufa. Hawa ni wageni wa matangani, hawakuua.

Tiba, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuondoa kinachoumiza. Magari yahamishwe, uchomaji wa taka ukome, na waya ulioanza kumezwa na gome ukatwe. Kabro zilizo karibu na shina zing'olewe, angalau mita 2 kila upande, na zaidi ikiwezekana. Hatua hii haihitaji fedha nyingi, lakini ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana inagusa mazoea ya watu. Bila hatua hii, zinazofuata ni kazi bure.

Hatua ya pili ni kulifukua shina. Udongo uliorundikwa uondolewe kwa mikono au kijiti, si kwa jembe, hadi pale shina linapoanza kupanuka na mizizi mikubwa inapoonekana. Mzizi mwembamba uliozunguka shina na kulikaba ukatwe kwa uangalifu. Mizizi minene isiguswe.

Hatua ya tatu ni kuupa udongo hewa. Chini ya mwavuli wa mti, kuanzia kama mita 1 kutoka kwenye shina hadi mwisho wa matawi, vichimbwe vishimo vyembamba kwa mtaimbo, vyenye kina cha sentimita 30 hivi, vikiachana kwa sentimita 60. Mtaimbo ukigonga mzizi, usogezwe kando. Vishimo vijazwe mboji iliyoiva. Udongo ulioshindiliwa hauwezi kulainishwa kwa siku moja, lakini kila kishimo ni dirisha, na mizizi michanga hulifuata.

Hatua ya nne ni kutandaza. Juu ya ardhi iwekwe mboji kidogo, sentimita 2 au 3, kisha majani makavu, vipande vya matawi yaliyokatwakatwa au makumbi ya nazi, unene wa sentimita 5 hadi 10. Matandazo haya hutunza unyevu, hupoza udongo, huzuia nyasi zinazonyang'anya mti maji, na huoza polepole yakawa chakula. Yasigusane na shina. Yaachwe mbali kwa kadiri ya shibiri. Samadi mbichi isitumike, kwa sababu huunguza mizizi.

Hatua ya tano ni maji, na hapa makosa ni mawili. Kosa la kwanza ni kunyunyiza ndoo moja kila jioni penye shina. Maji hayo huloweka sentimita chache za juu na kukauka asubuhi, tena hayawafikii walio na kiu, kwani mizizi inayokunywa iko mbali na shina. Mti upewe maji mengi kwa siku moja, kisha uachwe. Mti wenye shina la kipenyo cha sentimita 30 unaweza kuhitaji mitungi 20 ya lita 20 kwa mara moja, yakimwagwa taratibu chini ya ncha za matawi. Kipimo ni chuma chembamba: kikiingia ardhini sentimita 30 bila shida, maji yamefika. Wakati wa kiangazi, mara moja kila wiki mbili hutosha kwa mti mkubwa.

Kosa la pili ni kutojali maji yenyewe. Visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvi, hasa karibu na bahari na wakati wa ukame. Maji hayo yakirudiwa mara kwa mara, chumvi hubaki udongoni na kingo za majani huungua. Palipo na tangi la mvua, maji yake yawe ya mti mgonjwa. Maji ya sabuni ya kufulia na ya kudekia yenye dawa yasimwagwe hapo.

Hatua ya sita, na ya mwisho, ndiyo ya msumeno. Matawi yaliyokufa yaondolewe, kwanza yale yaliyo juu ya watu. Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza huwa upande wa chini, mbali kidogo na shina, na hufika theluthi ya unene. Wa pili huwa upande wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi huanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapotokea. Uvimbe huo usikatwe, kwa kuwa ndio unaolifunga jeraha. Jeraha lisipakwe rangi, wala lami, wala kuzibwa kwa saruji. Mti hujifunga wenyewe, na mipako hiyo huweza kufungia unyevu ndani. Palipo na nyaya za umeme karibu, asipande mtu. Kampuni ya umeme iitwe kwanza.

Mambo matatu ya kuachwa

Mbolea ya dukani isitumike kama dawa ya kwanza. DAP au CAN juu ya mizizi iliyojeruhiwa ni kama kumpa mgonjwa wa tumbo pilau. Mbolea hizo ni chumvichumvi, nazo huweza kuunguza mizizi iliyobaki, au kuusukuma mti utoe majani ambayo mizizi haina uwezo wa kuyanywesha. Katika udongo wa matumbawe, majani machanga yakitoka na rangi ya manjano, mara nyingi chuma kimo udongoni lakini mti unashindwa kukifyonza. Hapo mboji husaidia polepole kuliko mfuko mwingine wa mbolea.

Jambo la pili la kuachwa ni kuukata mti kichwa. Majani ndiyo jiko la mti. Mgonjwa aliyebomolewa jiko atakula nini? Mti uliokatwa kichwa hutoa vichipukizi vingi vya haraka, na watu hufurahi. Lakini vichipukizi hivyo vimeshikiliwa juujuu pembeni mwa kisiki kinachooza, na miaka michache baadaye huanguka kwa upepo. Mti mgonjwa utolewe matawi yaliyokufa tu. Matawi mabichi yaachwe yafanye kazi.

La tatu ni haraka. Mti ulioumia kwa miaka mitatu hauponi kwa mwezi. Baada ya hatua hizo sita, dalili ya kwanza ya kupona si maua, bali vichipukizi kurefuka kuliko vya mwaka uliotangulia, na majani kurudi sawa na ya mikrismasi ya jirani. Hayo yatazamwe baada ya masika, tena baada ya vuli. Maua yatakuja baadaye.

Mti usiookoka

Ukweli mwingine lazima usemwe mbele ya kamati. Ipo miti isiyookoka, na kivuli hakina thamani ya roho ya mtoto. Mbao za mkrismasi si ngumu sana, na shina lake huweza kuoza ndani huku nje likionekana zima.

Dalili za hatari ni hizi. Uyoga mgumu kama rafu au sahani uliojitokeza chini ya shina au juu ya mizizi: huo ni ukuvu unaokula mbao za ndani, na ukishafika hapo hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Shina linalolia kama ngoma likigongwa kwa rungu. Ufa unaoshuka kutoka panda ya matawi. Mti ulioanza kuinama hivi karibuni, na udongo wa upande wa pili ukainuka au kupasuka. Gome lililokufa kuzunguka zaidi ya nusu ya shina.

Dalili mojawapo ikionekana, benchi zihamishwe siku hiyohiyo, eneo lizungushiwe kamba, na afisa wa mazingira wa kaunti au afisa wa Huduma ya Misitu Kenya aitwe autazame. Kwa maswali ya wadudu na magonjwa, Pwani ina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya pale Gede. Mti ulio katika ardhi ya umma haufai kukatwa kwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye msumeno, wala haufai kuachwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuamua.

Na ikiwa mti lazima uondoke, mrithi wake apandwe kabla, mita kadhaa kutoka pale, mbali na ukuta, bomba na nyaya. Mahali palipooza mizizi pasipandwe mti wa aina ileile.

Kivuli kilichopo

Serikali ya kitaifa imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili kupanda miti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Neno la kutazamwa hapo ni kudumisha. Mche uliopandwa jana hautamkinga mama na mtoto wake kliniki ijayo, wala ile ya mwaka ujao. Mti uliopo unaweza, ukipewa nafasi ya kupumua.

Basi kamati ya zahanati ile ina kazi ya kufanya kabla ya masika. Tawi kavu lililo juu ya benchi liondolewe wiki hii, na benchi zisogezwe mpaka liwe limeondoka. Shina lifukuliwe na kukaguliwa. Kusipoonekana dalili ya hatari, kabro zing'olewe mita 2, pikipiki zipewe mahali pengine, matandazo yatandazwe, na mtu mmoja atajwe kwa jina katika kumbukumbu za mkutano kuwa mwenye zamu ya maji. Kijitawi kikwanguliwe leo, kipimo kiandikwe, kisha kikwanguliwe tena baada ya masika na baada ya vuli. Mti upewe misimu miwili kabla ya kuhukumiwa.

Gharama ya hayo yote ni mtaimbo, mboji, maji na mtu wa kukumbuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kivuli cha mti mzima hakijengwi kwa fedha za mwaka mmoja.